Kinywa Kinanuka, Nani Atamwambia?

Mhadhara kwa walimu, wazazi na wanafunzi, mjini Morogoro



Nimeombwa nizungumze juu ya afya ya kinywa, na waandaaji wameniachia nichague pa kuanzia. Ningeweza kuanza na jino lililotoboka, maana hilo ndilo linalowakesha watu. Nimeamua kuanza na harufu. Jino likiuma, mwenye jino hulia na nyumba nzima ikajua. Kinywa kikinuka, nyumba nzima hujua na mwenye kinywa hajui. Majirani wanajua, wanafunzi wa dawati la mbele wanajua, mke au mume anajua tangu zamani. Yeye mwenyewe anaendelea kusogelea watu na kuwanong'oneza masikioni.

Hoja yangu naitaja mapema, ili mwenye kuwahi basi la Matombo aondoke nayo. Harufu mbaya ya kinywa mara nyingi sana hutoka kinywani humo humo, na dawa yake ni usafi usiohitaji fedha nyingi. Kinachotushinda ni kuambiana.

Kinachonuka ni nini?

Kinywa cha kila mmoja wetu humu ukumbini kina vijidudu vya mamia ya aina. Vingi havina ubaya. Viko vinavyopenda kukaa mahali pasipofikiwa na hewa: nyuma ya ulimi, katikati ya meno, chini ya ukingo wa fizi, ndani ya jino bovu. Huko hula mabaki ya chakula, chembe za ngozi ya kinywa zilizokufa, damu ya fizi na makamasi yanayoteremka kutoka puani. Vikishazivunja protini zilizomo humo hutoa gesi zenye salfa. Mojawapo ni haidrojeni salfaidi, ile ile inayonuka katika yai viza. Joseph Tonzetich, mtafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, katika miaka ya 1960 na 1970 alizipima gesi hizi katika pumzi za watu, na kazi yake ndiyo iliyoweka msingi wa elimu tuliyo nayo leo. Wataalamu hukadiria kwamba kati ya watu 10 wenye tatizo hili, 8 au 9 chanzo chao kimo kinywani.

Mlinzi wa kinywa ni mate. Hayo huosha, hupunguza makali ya asidi na kuvizuia vijidudu visizidi. Tukilala mate hupungua, na ndiyo sababu kila mtu huamka na kinywa kizito asubuhi. Hiyo si aibu ya mtu yeyote. Huondoka baada ya kupiga mswaki na kunywa chai. Kitunguu saumu nacho kina kisa chake. Mafuta yake huingia kwenye damu, hufika mapafuni, kisha hutoka na pumzi. Hata ukisugua meno mpaka yang'ae, utanuka kitunguu mpaka mwili umalize kazi yake. Hayo yote ni ya kupita. Ninayozungumzia leo ni harufu inayoshinda na mtu mchana kutwa, leo, kesho na mtondo.

Sehemu inayosahauliwa kuliko zote ni ulimi. Atakaporudi nyumbani, kila mmoja achukue kijiko kisafi, akipitishe taratibu kutoka nyuma ya ulimi kuja mbele, kisha atazame kilichobaki juu ya kijiko. Wengi wataona utando mzito, mweupe au wa rangi ya manjano, unaonata. Auache dakika moja ukauke kidogo, kisha aunuse. Harufu atakayoipata ndiyo wanayoisikia wenzake anapozungumza nao kwa karibu. Nimetaja kijiko kwa sababu pua yako haiwezi kukusaidia, imezoea. Wahenga walikwisha kusema kwamba nyani haoni kundule, na pua nayo haisikii kinywa kilicho chini yake.

Chanzo cha pili ni fizi. Ule utando laini unaojijenga juu ya meno usipoondolewa hukomaa ukawa ugaga mgumu, ambao mswaki hauutoi tena. Ugaga hupenda kukaa nyuma ya meno ya mbele ya chini, mahali tusipopatazama hata tukisimama mbele ya kioo. Fizi iliyopakana nao huvimba, hugeuka nyekundu iliyoiva na kutoa damu ukiigusa. Hapo watu wengi hufanya kinyume cha inavyopaswa: wanaona damu, wanaacha kupiga mswaki. Damu inazidi, harufu inazidi, baadaye meno yanaanza kucheza.

Chanzo cha tatu ni tundu la jino. Nalo linatupeleka kwenye sukari, ambayo sisi wa mkoa huu hatuwezi kujifanya hatuijui, maana viwanda vya Kilombero na Mtibwa viko nyumbani kwetu. Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi, na asidi hutoboa jino. Chupa moja ya soda ina sukari ya vijiko vidogo karibu 9. Mtoto anayeinywa kidogo kidogo kutwa nzima huwa anayaogesha meno yake katika asidi kutwa nzima. Tundu likishafunguka, nyama na ugali huingia humo na kuoza.

Tunaowasingizia

Mtu akinuka kinywa huku kwetu, mshitakiwa wa kwanza ni tumbo. Utasikia: ana vidonda vya tumbo, ana gesi, ana minyoo. Anakwenda dukani kununua dawa za tumbo, anatumia mwezi, harufu iko pale pale. Njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni haiko wazi muda wote kama bomba. Hufunguka tunapomeza au kucheua, kisha hujifunga. Kiungulia kikali kinaweza kuchangia, lakini ni mara chache tumbo kuwa chanzo.

Wapo kweli ambao harufu yao hutoka nje ya meno na ulimi. Mtu mwenye kisukari kilichopanda sana anaweza kutoa pumzi yenye harufu kama ya tunda lililoiva kupita kiasi. Huyo awahishwe hospitali, asipewe pipi. Figo zikishindwa kazi, pumzi huweza kunuka mkojo. Mafindofindo hukusanya chembe ngumu nyeupe zinazonuka sana zikipasuliwa. Mafua sugu ya puani na ini lililodhoofika navyo vimo. Kwa hiyo mtu akishatunza kinywa vizuri kwa majuma kadhaa, akahudumiwa na mtaalamu wa meno, na harufu bado ipo, aonane na daktari wa kawaida.

Kuna na tumbaku. Mji wetu una viwanda vya kuisindika, na wazee wetu wana ugoro wao. Sigara hukausha kinywa, huacha harufu yake yenyewe, na huumiza fizi kwa siri: fizi za mvutaji hutoka damu kidogo hata zikiwa zimeharibika, basi mwenyewe hudhani yu salama. Pombe nayo hukausha kinywa, ndiyo maana pumzi ya asubuhi baada ya ulevi ina sifa yake.

Hapa nataka pia kuwatetea watu fulani. Mji huu una wanafunzi wa vyuo vikuu vya Sokoine na Mzumbe waliotoka kila pembe ya nchi, wakiwemo vijana wa Arusha na Kilimanjaro wenye meno ya rangi ya kahawia. Wenzao huwaona wachafu. Rangi ile hutokana na madini ya floraidi yaliyozidi katika maji waliyokunywa utotoni, meno yalipokuwa yakiumbika. Haisuguliki na hainuki. Kuna mwenye meno meupe kama tui ambaye watu humkimbia, na kuna mwenye meno ya kahawia ambaye pumzi yake ni safi.

Kufunika si kutibu

Kwa kuwa hatuambiani, tumekuwa mafundi wa kufunika. Pipi kifua, bigijii, iliki, na zaidi ya vyote karafuu. Sisi hatuna haja ya kuagiza karafuu Unguja. Huku kwetu Kinole, Mkuyuni na Matombo wanailima, na msimu wake ukifika unaisikia barabarani kabla hujaiona. Karafuu ina heshima yake katika tiba ya meno. Mafuta yake yana yujenoli, ambayo hutia ganzi, na matabibu wa meno kwa miaka mingi wameichanganya na oksidi ya zinki kuzibia jino kwa muda. Lakini kuitafuna juu ya fizi zilizooza ni kumpulizia mtu uturi bila kumwogesha. Pipi ni mbaya zaidi, kwa sababu ina sukari: inaficha harufu ya leo na kutengeneza tundu la mwakani.

Wenzetu wa mbali nao wamepitia haya, kwa njia nyingine. Nchini Marekani kuna dawa ya kusukutua iitwayo Listerine, iliyotengenezwa mwaka 1879. Katika miaka ya 1920 wenye kampuni walianza kutangaza kwamba wasichana wanakosa wachumba na vijana wanakosa kazi kwa sababu ya pumzi zao, nao hawajui. Mauzo yalipanda ajabu. Biashara ile iliuza hofu kwanza, dawa baadaye. Na hofu hiyo ipo hata kwetu. Kuna watu wasionuka kabisa ambao huzungumza mkono ukiwa mdomoni, hukaa kiti cha nyuma ya wote, hukataa kuimba kwaya. Mtu akigusa pua yake mbele yao, wanahesabu kuwa wamemnukia. Hao hawahitaji dawa ya kusukutua. Wanahitaji mtu wanayemwamini awaambie ukweli: hunuki.

Mswaki, muda na maji

Maji yanayosukutua vinywa vya wakazi wa Dar es Salaam kwa sehemu kubwa hutoka katika milima yetu, kupitia mto Ruvu. Basi sisi tunaokaa kwenye chemchemi hatuna udhuru wa maji.

Mswaki wa mti ulitangulia wa plastiki kufika vinywani mwetu. Wengine hutumia mpera, wengine mwarobaini, na Waislamu wameuenzi mswaki kama sunna kabla ya swala. Shirika la Afya Duniani limewahi kuhimiza utumike pale ulipo desturi ya watu. Ukiutumia, tafuna ncha mpaka iwe nyuzi laini, sugua kila jino pande zote, na kata ncha mpya kila inapochakaa. Ukipita mbele tu na kuacha magego, hujafanya kitu. Upungufu wake mmoja ni kwamba hauna floraidi ya kutosha, madini ambayo kwa kipimo sahihi huimarisha jino. Mwaka 2021 Shirika hilo liliingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu. Mwenye uwezo wa kuinunua aitumie, hata kwa mswaki wa mti.

Sasa tutazame tunavyopiga mswaki. Ni saa kumi na mbili asubuhi. Mtu ametoka nje, kitenge begani, mswaki mdomoni, povu pembeni. Anamsalimia jirani, anamfukuza kuku, anauliza habari za msiba wa jana, anarudi ndani kutafuta kandambili, mswaki ukiwa umebanwa na shavu lile lile. Baada ya robo saa anatema na kusukutua. Ukihesabu muda ambao mswaki ulikuwa unasugua, haufiki dakika moja, na wote ulitumika kwenye meno ya mbele, yale yanayoonekana akicheka. Dakika mbili za kusugua kweli, ndani na nje na juu ya magego, zinamshinda yule wa robo saa.

Halafu usiku hapigi mswaki kabla ya kulala. Huko Mgeta, milimani, naelewa. Usiku ni baridi na maji yanauma meno. Chemsha maji kidogo wakati wa kupika, weka kwenye chupa ya chai, tumia ya uvuguvugu. Mswaki wa usiku ndio ulio muhimu zaidi, kwa sababu mate yanapungua na chakula kilichobaki kinapata saa nane za kuoza bila kuguswa. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno. Mtoto aliyetimiza miaka 3 anatosheka na dawa ya ukubwa wa punje ya njegere, na aliye chini ya hapo, ya punje ya mchele. Kila mtu awe na mswaki wake. Ukishachanuka, au miezi 3 ikipita, ubadilishwe. Kisha ulimi, kila siku, kwa mswaki huo huo au kwa kijiko.

Ugaga uliokwisha kuganda unatolewa na mtaalamu. Tuna mazoea ya kumwona daktari wa meno siku ya kung'oa tu, na kwa mtu wa Kolero au Bunduki safari ya kushuka mjini si ndogo. Basi ukishuka kwa shughuli nyingine, unganisha. Fizi zikisafishwa na mwenyewe akaendelea kuzisafisha, uvimbe na damu hupungua katika muda wa majuma machache.

Wazee walituachia mtani

Nimesema kinachotushinda ni kuambiana. Nitawapa mfano. Kijana mmoja wa bodaboda, wa stendi ya Msamvu, alikuja kliniki kwetu akiwa na karafuu chini ya shavu. Abiria wake walikuwa wakigeuza uso, naye akidhani ni vumbi. Alikuwa amekwisha kununua dawa za vidonda vya tumbo. Nilipomfunua kinywa, nyuma ya meno ya chini kulikuwa na ukuta wa ugaga umeunganisha meno kana kwamba ni jino moja, na fizi zilivuja damu kabla sijazigusa vizuri. Nikamwuliza nani amemshauri aje. Akacheka kwa haya. Alikuwa amekwenda Kinole kumsalimu bibi yake, akamwinamia kumpa shikamoo. Bibi akarudisha kichwa nyuma: "Mume wangu we, leo umekula panya? Kesho nenda kwa daktari wa meno, la sivyo natafuta mume mwingine!"

Rafiki zake, mchumba wake, mwajiri wake, wote walinyamaza. Bibi alisema kwa sababu ana utani na mjukuu, na maneno ya mtani hayachukiwi.

Waluguru, wenyeji wa milima yetu, wanafuata ukoo wa mama, na koo zao zina utani wa ukoo kwa ukoo. Mwaka 1963 mwanaanthropolojia James B. Christensen alichapisha makala kuhusu utani huo katika jarida la American Anthropologist, akieleza mizaha yake pamoja na wajibu unaofuatana nayo. Mtani anakutukana hadharani, na mtani huyo huyo anakuja kukuhudumia msibani. Hilo la pili ndilo linalompa haki ya la kwanza. Wazee walijua kwamba katika kila jamii kuna maneno ambayo baba hawezi kumwambia mwana, wala mkwe kumwambia mkwe, wakaweka mtu wa kuyasema. Sisi tumebakiza utani wa Simba na Yanga, na ule wenye kazi tumeuacha msibani.

Lakini tusichanganye utani na kejeli. Mwanafunzi anayeitwa "choo" na darasa zima hajaambiwa, ameonewa. Tofauti ni wajibu. Anayekuambia kwa wema anakuita pembeni, hasemi mbele ya watu, na hakuachi mikono mitupu. Anakuambia cha kufanya. "Kaka, siku hizi kinywa chako kinatoa harufu. Huenda ni fizi. Safisha na ulimi, na Jumatatu twende wote kliniki." Maneno hayo hayazidi nusu dakika. Ukishindwa kabisa, mtafute mtani wake, shangazi yake au rafiki yake wa utotoni, umwachie kazi.

Ninayowaomba

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba karibu watu bilioni 3.5 duniani wana magonjwa ya kinywa. Siku ya Afya ya Kinywa na Meno huadhimishwa kila Machi 20, nasi huvaa fulana na kugawa miswaki. Ni vizuri. Ila meno yana siku nyingine 364.

Walimu, nawaomba muwafundishe watoto ulimi na magego, na mkomeshe majina ya kejeli darasani. Wazazi, simamieni mswaki wa usiku mpaka mtoto afikishe umri wa kujisimamia, na soda iwe ya sikukuu. Viongozi, wataalamu wa meno wapande Matombo na Mgeta kwa ratiba inayojulikana, wasingoje watu washuke na jino la kung'oa. Viongozi wa dini, mnazungumza na watu wengi kwa wakati mmoja. Semeni neno moja juu ya jambo hili.

Na kila mmoja wetu, leo hii, amwulize mtu mmoja anayempenda: "Kinywa changu kikoje?" Akiambiwa kizuri, ashukuru. Akiambiwa kibaya, ashukuru mara mbili, asinune, kwa sababu akinuna hataambiwa tena. Naye anayejua kuwa mwenzake ana tatizo hili na bado ananyamaza, asijisifu kuwa ana adabu. Amwambie wiki hii, amwelekeze, amsindikize ikibidi.